Umeshagusa Nini?

Nilijifunza kushona Ngamiani, Tanga, kwenye baraza ya fundi mmoja aliyekuwa na cherehani nne za miguu na redio isiyozimwa. Nilikuwa na miaka 19. Wiki za mwanzo nilimsumbua kuliko wanafunzi wake wote. Uzi ukikatika, "Fundi!" Mshono ukiruka, "Fundi!" Cherehani ikitoa mlio nisioujua, naondoa miguu kama aliyekanyaga kaa la moto, "Fundi, imeharibika!" Naye anaacha kazi yake, anakuja, anagusa kitu kimoja, cherehani inaendelea. Mimi nabaki na tumbo joto, nasubiri igome tena.

Kilichonitesa zaidi ni kiota cha uzi. Aliyewahi kushona anakijua. Kwa juu mshono unaonekana mzuri. Ukigeuza kitambaa, unakuta chini nyuzi zimejisokota lundo zima, kama nywele zilizokosa kitana wiki mbili. Kwa kuwa fujo iko chini, mwanafunzi huilaumu bobini. Anaitoa, anairudisha, anaitoa tena. Mara nyingi chanzo kiko juu: uzi ulitungwa wakati mguu wa cherehani umeshushwa, haukuingia sawasawa kwenye visahani vya kuukaza, sasa unashuka ovyo bila cha kuushika. Fundi alinionyesha hilo siku ya tatu. Akanionyesha tena siku ya tano. Siku ya kumi akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha khanga, akasema taratibu: "Binti, kuanzia leo usiniite mpaka uwe umegusa vitu vitatu. Ukiniita nitakuuliza, umeshagusa nini?"

Niliona amenitupa.

Wiki ileile akapata msiba Pangani. Akaondoka siku tatu, akaniachia sketi sita za sare za shule, zile za marinda, na mteja angezifuata Ijumaa. Asubuhi ya kwanza, kwenye sketi ya pili, kiota. Nikageuka kumwita, nikakiona kiti chake kitupu na redio inaimba. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Halafu nikainua mguu wa cherehani. Nikakata nyuzi kwa mkasi mdogo, moja moja, nisije nikachana kitambaa cha watu. Nikatunga uzi upya kuanzia juu kabisa, mguu ukiwa juu. Nikaitazama sindano; ilikuwa imepinda kidogo, nikaibadili. Nikajaribu kwenye kitambaa chakavu kwanza. Mshono ukalala, juu na chini.

Siwezi kusema nilifurahi. Mabega tu yalishuka, nikagundua kwamba kwa wiki mbili nzima nilikuwa nimeyapandisha karibu na masikio. Kiota kilirudi mara mbili kabla ya Ijumaa. Mara zote mbili sikukitazama kiti cha fundi.

Kiswahili kimelisema jambo hili vizuri kuliko nitakavyolisema mimi. Uzi ukijisokota tunasema umetata. Aliyeusokota ameutatiza, na humo ndimo lilimotoka neno tatizo. Kutatua ni kutafuta ncha na kuifuata mpaka uzi urudi ulivyokuwa. Ila kitenzi hichohicho kina maana ya pili, na mafundi nguo tunaijua sana: kutatua ni kuchana pia. Nguo iliyochanika imetatuka. Anayelishika fundo kwa pupa akalivuta naye ametatua, kwa maana ya pili, na wateja wangu kadhaa wa zamani wanakumbuka.

Leo nataka kuzungumza na wenye mawazo. Nasema mawazo kwa ile maana ya mtaani: "Mwache huyo, ana mawazo." Mtu huyo halali. Chakula hakimshuki. Simu ikilia, moyo unamruka kabla hajaona ni nani. Ukimuuliza ana nini, anajibu, "Mambo ni mengi." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi hadi nimeanza kulishuku. Mengi mangapi? Hakuna aliyewahi kunitajia idadi.

Tumezoea kumfariji mtu wa namna hii kwa maneno. Usijali. Yatapita. Mungu si Athumani. Hata mimi nayasema, na yana kazi yake, hasa usiku wa manane pasipo na lingine la kufanya. Siku hizi wapo na wahamasishaji: unalipa kiingilio, unasimama ukumbini na wenzako, mnapaza sauti kwamba mnaweza. Unatoka umejaa upepo. Jumatatu saa 4 asubuhi upepo umekwisha, na bili ya maji ipo palepale mezani ulipoiacha.

Mwaka 1994 mwanasaikolojia wa Uingereza, Graham Davey, alichapisha utafiti wenye swali ambalo fundi wangu angelipenda: je, wenye wasiwasi mwingi ni watu wasiojua kutatua matatizo? Alivipima vitu viwili kila kimoja peke yake, uwezo wa mtu wa kutatua, na imani ya mtu juu ya uwezo huo. Wasiwasi haukwenda pamoja na upungufu wa uwezo. Ulikwenda pamoja na upungufu wa imani. Mtu ana jibu, ila halitegemei. Akilipata analikataa: vipi likishindikana? Anatafuta la pili, nalo analikataa kwa sababu ileile. Kufika alfajiri amefanya kazi usiku kucha na hajamaliza hata moja, amechoka kama mbeba zege, na uchovu huo anauchukua kuwa ushahidi kwamba kweli mambo yamemshinda.

Ndivyo nilivyokuwa pale barazani. Kila alichokigusa fundi nilikuwa nimeshamwona akikigusa. Ningekuwa na mtihani wa maandishi ningefaulu. Mkono ndio uliokuwa haujui kwamba unajua.

Imani hiyo inatoka wapi basi? Albert Bandura, Mkanada aliyefundisha kwa miongo mingi Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alilitafutia jibu kwa kutumia nyoka. Aliwachukua watu wenye hofu kubwa ya nyoka. Baadhi yao walimtazama mtu mwingine akimshika. Wengine waliongozwa hatua kwa hatua mpaka wakamshika wao wenyewe. Wote walipata nafuu, lakini waliomshika kwa mikono yao ndio walioibuka na imani kubwa zaidi, na walipoletewa nyoka wa aina nyingine imani ile waliingia nayo. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1977 alitaja vyanzo vinne vya imani ya mtu juu ya uwezo wake: kutenda mwenyewe ukafaulu, kumwona mtu kama wewe akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi mwili wako unavyojisikia wakati huo. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Maneno ya kutiwa moyo yamo, ila ni dhaifu, yakikutana na kushindwa kwa kweli hufutika upesi. (Sikutumi ukashike nyoka. Wa huku kwetu hawana habari na utafiti.)

Mfano ninaoupenda zaidi lakini hautoki Stanford. Unatoka Harare, Zimbabwe, kwenye benchi la mbao nje ya zahanati.

Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitali, dola 15 tu. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wa fani hiyo wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare, akajikuta hana wauguzi wa kumsaidia wala chumba cha kufanyia kazi. Alichopewa ni mabibi 14, wahudumu wa afya wa kujitolea, na nafasi huko nje uani. Wakaweka benchi. Kwanza akaliita kitaalamu, benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa, maana nani atakaa hapo aonekane na majirani? Mabibi ndio waliomwambia abadili jina, likawa benchi la urafiki. Kwa Kishona wanaliita Chigaro Chekupanamazano, na sikio la Mswahili halihitaji mkalimani kusikia kwamba ndani ya neno hilo refu kuna watu wanapeana kitu. Wanapeana mashauri.

Kishona kina neno jingine, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Ndiyo hayo hayo mawazo yetu. Aliyekuja benchini hapachikwi jina la ugonjwa asilolijua. Anaambiwa ana kufungisisa, naye anaitika, kwa kuwa ndicho alichonacho. Hatua ya kwanza inaitwa kuvhura pfungwa, kuzifungua fikra. Anasema yote, bibi anasikiliza. Kisha matatizo yanatajwa moja moja, na mwenye matatizo anachagua moja la kuanza nalo. Bibi hamchagulii. Wanalizungumza hilo moja mpaka lipatikane jambo dogo la kufanya, lenye siku yake, na mtu anakwenda kulifanya. Halafu anarudi kusema limekwendaje. Vikao sita kwa jumla, kila kimoja kisichozidi saa moja.

Fikiria ugumu wa kazi hiyo kwa bibi. Bibi wa kwetu jibu analo kabla hujamaliza salamu. Hawa walifundishwa kulimeza.

Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 kwenye jarida la kitabibu la JAMA. Walishiriki watu 573 kutoka zahanati za Harare. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa benchini, waliobaki na dalili za sonona walikuwa chini ya 14 katika kila 100. Kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50 katika kila 100. Wasiwasi nao ulikuwa umepungua zaidi kwa wale wa benchini. Benchi hilo limeshavuka mpaka, limefika Malawi, limefika na Zanzibar. Jijini Nairobi nako Shirika la Afya Duniani lilijaribu njia inayofanana na hiyo, ya vikao vitano, kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Walioketi nao walikuwa wahudumu wa afya wa mitaani waliopewa mafunzo ya muda mfupi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliohudhuria vikao walipata nafuu zaidi kuliko wenzao wasiohudhuria.

Nimelifikiria sana benchi lile, kwa sababu umaskini wa Mbare haukuondolewa na mabibi. Mwenye deni alirudi nyumbani na deni lake. Mwenye virusi vya UKIMWI alirudi navyo. Nadhani kilichobadilika ni kwamba mtu alitoka na jambo moja alilolichagua mwenyewe, akaenda akalifanya, akarudi kulisimulia mbele ya mtu mzima anayemsikiliza. Kusimulia huko ndiko watu wengi wanakokuruka. Tunatatua mambo kila wiki na hatuyahesabu. Umepata nauli siku ambayo hukuwa nayo, umemtuliza mteja aliyekuja amefura, umeishi na shilingi elfu tano siku nne. Yote hayo unayaita bahati. Lililokushinda moja ndilo unalolala nalo.

Jirani yangu anauza chai na maandazi asubuhi. Mwaka jana alinijia usiku, baada ya Isha, akakaa mkekani, akasema, "Dada, nimechanganyikiwa." Nikamuuliza nini. "Mambo ni mengi."

Nikachana karatasi ya mwezi uliopita kwenye kalenda, nikaigeuza, nikamwambia ataje mimi niandike. Marejesho ya kikundi. Mkopo wa pili, ule wa riba kali unaoitwa kausha damu, aliouchukua kulipia marejesho ya kikundi. Michango ya shule. Paa linavuja. Baba watoto yuko migodini na hatumi hela. Wifi anamsema. Akanyamaza, akawaza, akaongeza goti linalomuuma. Nikamuuliza, lingine? Akatafuta. Hakulipata. Yalikuwa saba.

Aliichukua ile karatasi akaitazama muda mrefu, akasema, "Ndiyo haya tu?" Sikucheka, kwa sababu nilimwona mikono inatetemeka.

Sasa sikiliza. Kama ningemchagulia mimi, ningemwambia aanze na kausha damu, maana ule mkopo ni moto. Ulimi uliniwasha kulisema. Nikawakumbuka mabibi wa Mbare, nikamuuliza aanze na lipi. Akachagua paa. Paa! Nikajizuia. Kumbe mvua ya usiku ilikuwa inadondokea kona anakoweka unga. Mara mbili mwezi ule alikuwa ametupa kiroba kizima, na bila unga hakuna maandazi, na bila maandazi hakuna marejesho. Yeye alikuwa ameuona uzi kwa juu. Mimi nilikuwa nahangaika na bobini.

Kesho yake mwanawe mkubwa alipanda na ngazi ya kuazima. Msumari mmoja ulikuwa umeng'oka na kuacha tundu. Wakaliziba kwa lami, kazi ya nusu saa na gharama isiyofika bei ya kilo mbili za unga. Tundu lile lilikuwa limemnyima usingizi tangu masika yaanze.

Baada ya siku mbili akarudi na daftari la shule la mwanawe. Alikuwa amejumlisha madeni yote, jambo ambalo kwa miezi minne hakuthubutu kulifanya. Shilingi 412,000. "Nilidhani inakaribia milioni," akasema. Zilikuwa nyingi bado, ila sasa zilikuwa na mwisho. Wiki iliyofuata alikwenda kwa mwekahazina wa kikundi kuomba muda. Maneno aliyafanyia mazoezi kwangu, mimi nikiwa mwekahazina mkali, na nilijitahidi kuwa mkali. Kikundi kikamwongezea wiki nne. Wa kausha damu alimwendea pia, na huyo alikataa katakata, na siku ile nilidhani atarudi chini. Akaja akaniambia, "Amekataa, basi nitauza lile jiko la gesi, nipunguze." Aliliuza. Deni dogo limebaki, analilipa mpaka leo. Analala.

Naomba msomaji ulitazame lile jibu la kukataa kwa makini. Miezi miwili nyuma lingemwangusha. Safari hii lilimkuta ameshaziba paa, ameshajumlisha, ameshasikilizwa na kikundi. Alikuwa na mambo matatu mkononi alipopigwa la nne. Ndiyo maana nawashauri watu waanze na lile wanaloweza kulimaliza wiki hii, hata kama ni dogo la kuchekesha. Bandu bandu huisha gogo, tunasema, na gogo ni lilelile, lakini mkono unaobandua hubadilika njiani.

Kuna watakaonipinga kwamba hii ni kumtwisha mnyonge mzigo wake na kumwambia aubebe kwa tabasamu. Pingamizi hilo nalipokea. Mshahara usiolipwa miezi mitatu ni kosa la mwajiri, hakuna daftari litakaloufanya uwe kosa lako. Riba ya kausha damu ni dhuluma, na ingefaa wenye mamlaka waishughulikie kuliko mimi na kalenda yangu. Yapo pia mambo yasiyo na ncha ya kuvutia: msiba hautatuliwi, unaombolezwa. Na upo wasiwasi ambao umekuwa ugonjwa. Ukiona wiki zinapita hulali, kifua kinabana, huwezi kutoka nyumbani, au umeanza kuona heri ungekufa, nenda hospitali leo, uyaseme hivyohivyo yalivyo, na usiende peke yako. Kwenda ni kugusa kitu cha kwanza. Fundi wangu hakusema nisimwite kabisa. Alisema nimwite nikiwa na la kumweleza, na siku niliyomwita nikamwambia nimetunga upya, nimebadili sindano, nimesafisha bobini, alikuja mbio, kwa sababu alijua hiyo sasa ni kazi ya fundi.

Wengine wataniambia mambo yote ni ya Mungu. Ni kweli. Ile hadithi ya Bedui na ngamia wake tumeisikia sote madrasa, na mimi niliyekulia Ngamiani siwezi kuisahau. Ngamia alitakiwa afungwe kwanza, ndipo mwenyewe amtegemee Mungu.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana nimewasema wengine vya kutosha.

Nimemlea binti wa kaka yangu tangu ana miaka saba. Nilijiapiza hatapata shida. Akikosana na mwalimu, nakwenda shule. Akipoteza kitambulisho, nakwenda mimi kupanga foleni. Fomu za mkopo wa chuo nilizijaza mimi, na miwani yangu mibovu, yeye kakaa pembeni ananipulizia chai. Nilimpenda, sina wasiwasi na hilo. Ila kila nilipolitatua la kwake nilimwambia bila kutamka: hili usingeliweza. Mtoto huambiwa hivyo miaka 15 mfululizo, na siku anapokuwa mtu mzima tunamshangaa kwa nini moyo unamwenda mbio akiona barua yenye mhuri.

Sasa ana kazi yake Dodoma na amepanga nyumba. Mwanzoni alinipigia mara nne kwa siku. Luku imekataa namba. Mwenye nyumba amepita hakusalimia. Bosi amesema "tutaongea." Nilikuwa najibu papo hapo, hadi siku moja nikajisikia namwambia namna ya kumjibu bosi wake neno kwa neno, nikaisikia sauti ya fundi na redio yake. Nikaanza kumuuliza lile swali. Mara ya kwanza alinuna. "Shangazi, umebadilika." Akanikatia simu. Nilihisi kama nilivyohisi pale barazani, ila safari hii nimekaa kiti cha pili. Nawaambia ukweli, kiti hicho ndicho kigumu. Mikono inawasha. Mara kadhaa nimeteleza, nimempigia mwenye nyumba kwa siri.

Juzi usiku, saa 3 na nusu, alipiga. Nyuma yake nasikia maji yanamwagika.

"Shangazi! Bomba la jikoni limepasuka, maji yanaingia sebuleni, mwenye nyumba hapokei, sijui nifanye nini!"

Namba ya fundi bomba wa Dodoma ninayo. Nilikuwa nimeshaifikia kwenye simu ya pili, kidole kiko juu yake.

"Umeshagusa nini, mwanangu?"

Kimya. Maji tu.

"Sijagusa kitu." Halafu, kama anajisemea, "Kuna koki chini ya sinki... inazunguka tu, haifungi. Subiri. Ile ya nje. Mita iko nje, si ndiyo? Subiri kwanza, shangazi."

Nikasikia ndala kwenye maji, mlango, mbwa wa jirani. Nikasikia kitu cha chuma kinagoma, na yeye anakisemesha kwa hasira lugha ambayo sikumfundisha. Kisha nikasikia ndala zinarudi, taratibu zaidi. Maji yalikuwa yamenyamaza. Akaburuta ndoo, akaanza kupiga deki huku anajipangia kwa sauti: kapeti litoke nje, friji nisiwashe mpaka pakauke, asubuhi kabla ya kazi nimtafute fundi pale kituoni.

Nilisubiri aseme nami. Dakika ikapita, ya pili ikapita. Alikuwa amesahau kwamba nipo kwenye simu. Nikakata mwenyewe.